Bwawa Lililofagiwa

Ninayoandika hapa ni kweli tupu, na kama si kweli, kiti changu kichukuliwe. Wanaonijua pale barazani Mchafukoge wanakijua hicho kiti: cha mninga, kina mikono, nilipewa ofisini siku ya kustaafu badala ya baiskeli waliyoniahidi. Hakuna mwingine anayekikalia. Basi atakayenikamata na neno moja la uongo katika habari hii akibebe kiti aende nacho, na juu yake nitawanywesha kahawa baraza zima. Nimeapa hivyo kwa mdomo, sasa naapa kwa kalamu. Chumvi siongezi. Kwanza daktari kanikataza.

Mwaka wenyewe ulikuwa themanini na tatu, mwaka wa foleni. Ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza, unauliza baadaye wanauza nini. Sabuni ilisikika kama habari za mtu aliyesafiri: fulani kaiona Ilala, fulani kasikia inakuja.

Bondeni Msimbazi, robo saa kwa miguu kutoka Kariakoo, palikuwa na bwawa lililochimbwa na wafyatua matofali. Walichota udongo wao wakaondoka, shimo likabaki, mvua ikalijaza. Baadaye mtaro wa mitaa ya juu ukaelekezwa humo, na kiwanda kimoja cha kutia rangi vitambaa, ambacho sikitaji maana hakipo tena, kikaleta na mtaro wake. Maji yakawa meusi Jumatatu, mekundu Jumatano, kufuatana na kanga zilizokuwa zinatiwa rangi. Mbu wa pale walikuwa wakubwa, wanapiga hodi mlangoni na kuingia kwa miguu.

Ukingoni mwa bwawa hilo waliishi Pantaleo na mkewe Evarista, watu wa kusini, na mtoto wao Tarsis aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Chumba kimoja cha miti na udongo, bati la madebe yaliyopasuliwa. Pantaleo alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Kiwanda chao kilipokosa vipuri akapewa barua, akarudi nyumbani na spana zake kwenye mfuko wa kitambaa. Kilichokuwa kinalisha nyumba ni mchicha ambao Evarista aliupanda kando ya bwawa na kuuza sokoni Kariakoo.

Siku habari hii inaanza, msimamizi wa soko alisimama mbele ya ungo wa Evarista, akachukua fungu moja, akalinusa.

"Mama, huu unaunyweshea nini?"

"Maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya bondeni, baba."

Alilipitisha fungu lile kwa wauzaji wa jirani walinuse. Mwenye nyanya akanusa. Mwenye bamia akanusa, akajifuta pua kwa upindo wa kanga. Kila mmoja akageukia biashara yake, walikuwa wanakaa naye kila siku. Msimamizi akaumwaga mchicha wote kwenye pipa la taka, kisha akamrudishia ungo kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya pilau kwa jirani.

"Usirudi nao tena. Watu wataharisha wafe, lawama iwe ya soko."

Evarista aliondoka na ungo mtupu kichwani. Alipofika bondeni hakumkuta mumewe uani. Alimkuta ndani, mlango umefungwa, joto kama la tanuri. Wiki hiyo lori lilikuwa linapita mitaani na kuwabeba wasio na kitambulisho cha kazi, wapelekwe mashambani. Serikali ilisema kila mtu afanye kazi, na sentensi hiyo mimi sina ugomvi nayo mpaka leo. Ila kazi ilikuwa ile iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Kwa nyingine zote uliitwa mzururaji, hata kama mikono yako imeota sugu.

"Wamembeba yule mshona viatu," Pantaleo alisema. "Na kiatu cha mtu mkononi."

*

Asubuhi yake Evarista alikwenda ofisi ya kata. Karani pale aliitwa Filbert, kijana mtanashati, suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, kalamu tatu mfukoni. Moja tu ndiyo iliyokuwa inaandika. Alimwacha mama wa watu amesimama mpaka jua likahama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Msimlaumu haraka. Alikuwa anadaiwa majina. Kila wiki orodha ilitakiwa iwe ndefu kuliko ya wiki iliyopita.

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa wapi?"

"Wa nyumbani, kwa sasa."

"Mama, nyumbani si mahali pa kazi. Nyumbani ni nyumbani."

"Basi mwandike mkulima, ndugu karani. Tunalima mchicha."

"Ule uliomwagwa sokoni jana?"

Evarista akatazama chini. Habari zilifika kabla ya ungo.

"Sikiliza," Filbert alisema, na sauti yake ikalainika. "Mimi si mtu mbaya. Niletee karatasi ya Bwana Afya inayosema maji yale yanafaa kwa mboga. Nikiiona, namwandika mumeo mkulima, anapata kitambulisho. Bila karatasi, jina lake litakuwa hapa." Akaigonga orodha kwa kalamu, moja ya zile zisizoandika.

Bwana Afya alikuwa mtu wa Bukoba, Aristides, mrefu, suruali imefungwa kamba mguuni isiingie mnyororo wa baiskeli. Alikuja bondeni, akasimama upande upepo unakotoka, akatoa mkobani chupa iliyowahi kuwa ya jamu. Akachota maji, akayainua juani.

"Hili si bwawa, mama. Hili ni shimo la choo lililokosa nyumba."

"Tupe muda."

"Muda wa nini? Dawa hakuna. Ya visima vya watu wanavyokunywa sina, nitaipata ya mchicha?"

"Sitaki dawa. Nitatumia majani."

Aristides akamtazama kuona kama anadhihakiwa.

"Nilikuwa dobi misheni, kwetu," Evarista alisema. "Maji ya kufulia nguo za watu mia mbili, masista hawakuwa wanayamwaga mtoni. Walikuwa wanayapeleka shule."

"Shule."

"Yanapita darasa moja moja. Kila darasa yanaacha ujinga kidogo. Mwisho yanaingia bwawani na samaki wanakaa humo. Nimekula samaki wale miaka minne, na mimi huyu hapa."

Bwana Afya hakucheka. Akaikung'uta chupa yake. "Miezi mitatu. Nikirudi nataka vitu viwili. Nikichota maji kwenye chupa hii, nisome gazeti kwa upande wa pili. Na nione samaki hai. Nikiviona nasaini hapo hapo, juu ya tandiko la baiskeli."

*

Basi wakafungua shule. Evarista alipanga, Pantaleo akachimba. Darasa la kwanza lilikuwa shimo la kutulia, pale mtaro ulipoingilia, taka nzito zikae chini. La pili na la tatu, mfereji wa kona kona kama nyoka aliyechapwa, umejazwa vipande vya matofali yaliyoachwa na wafyatuaji. Baada ya wiki mbili matofali yale yakaota ute wa kijani na kijivu, ukiugusa unatamani kunawa mpaka bega. Pantaleo alitaka kuyaosha.

"Acha," Evarista alisema. "Hao ndio walimu. Wao wanakula kile tunachokitapika sisi."

La nne na la tano yalikuwa matete na mafunjo, yaliyong'olewa na mizizi yake kule juu ya bonde na kubebwa kichwani. La sita, mayungiyungi, majani yake yafunike maji yasichemke na jua. La saba bwawa lenyewe. Samaki ndio mtihani.

Sokoni hakurudi. Alikuwa anapanda Upanga kila asubuhi kufua nguo kwenye maghorofa, mtoto mgongoni, sabuni ya mwenye nyumba ikiwa imekatwa kipande na kuwekewa alama kwa ukucha asije akaondoka na mabaki. Pantaleo alibaki na jembe. Majirani walipita juu ya ukingo wakamtania.

"Fundi, leo wanafunzi wamefaulu?"

"Darasa la pili wamefeli," alijibu mwingine kwa niaba yake. "Wanarudia mwaka."

"Muulize ada shilingi ngapi, nami nilete maji yangu ya kunde."

Lori lilipopita barabara ya juu, Pantaleo alikuwa anazama kwenye maji meusi na kuvuta pumzi kwa mrija wa tete, saa mbili nzima, mpaka kunguru wanatua juu ya mrija wakidhani ni mti. Haya nayo ni kweli. Miguu yake ikatoka vidonda ambavyo havikukauka. Jioni alikaa kizingitini akivipaka mafuta ya nazi.

"Nimeshika spana miaka kumi na moja," alimwambia mkewe. "Leo napanda majani ambayo hayaliwi hata na mbuzi."

"Hayaliwi," Evarista alisema. "Yanakula."

Mwezi wa pili vyura wakarudi. Kwa Evarista hiyo ilikuwa barua njema. Kwa balozi wa nyumba kumi, Bi Mwanamkuu, ilikuwa kero. Bi Mwanamkuu alikuwa mtu mzima, mkweli, uwanja wake unafagiwa mara mbili kwa siku mpaka unang'aa, mgeni akiingia nyayo zake zinabaki pale kama ushahidi. Alishuka bondeni na ufagio wake mkononi.

"Mama Tarsis, mtaa wangu mimi hauna pori."

"Shikamoo, bibi. Hili pori linafanya kazi."

"Marahaba. Mwanangu, pori halifanyi kazi. Pori ni kazi ambayo mtu hajaifanya." Akalitazama tete moja lililomzidi kimo. "Humo nyoka hamkosi. Na kitoto chako kinatambaa."

"Tunakiangalia, bibi. Mwezi mmoja tu umebaki."

Bi Mwanamkuu aliondoka akifagia nyayo zake mwenyewe.

Mwezi wa tatu rafiki wa Pantaleo aliyeitwa Marcelino akaleta perege kumi na wawili ndani ya debe. Wakatiwa darasa la saba. Siku ya kwanza wakafa wawili. Siku ya pili hakufa mtu. Wiki ya tatu Evarista alichota maji kwenye glasi, akaweka nyuma yake kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, akasoma kwa sauti bei ya korosho, herufi zimevimba na kupinda lakini zote zipo. Pantaleo akaichukua glasi, akasoma tena bei ile ile, mara mbili. Jioni hiyo alikaa nje, mlango wazi, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Bwana Afya akatuma neno kwamba atafika Jumatatu.

*

Neno hilo lilipitia ofisi ya kata, kama maneno yote. Filbert akalisoma, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana moyo wake naujua kama wangu. Aliwaza: mkubwa anakuja katani kwangu, na bondeni pamekuwa msitu. Aliwaza pia kuwasaidia wale watu. Mawazo yote mawili yalikuwemo kichwani mwake kwa wakati mmoja, na lipi lilitangulia hata yeye hakujua. Akaenda kwa Bi Mwanamkuu. Bi Mwanamkuu alikuwa anangoja kuombwa kwa miezi mitatu.

Jumamosi asubuhi, Evarista akiwa Upanga kwenye beseni, watu arobaini waliteremka bondeni na mafagio, mapanga, reki na dumu la oili chafu ya magari. Pantaleo akatoka nje amevaa kaptula.

"Baba Tarsis," Bi Mwanamkuu alisema, uso wake umejaa furaha, "tumekuja kukusaidia. Mgeni wako asikute aibu."

"Ahsante, bibi, lakini haya majani..." Pantaleo akamgeukia karani. "Ndugu karani, haya majani ndiyo..."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo yanayosafisha."

Watu wakacheka, bila ubaya. Mmoja akasema afadhali aongezee na choo, kisafishe zaidi. Hata Filbert alicheka. "Fundi, majani ndiyo uchafu wenyewe. Wewe uwanja wako ukiota nyasi unasema umejisafisha?" Akafungua daftari la mahudhurio. "Shika panga. Mwenye nyumba ndiye anaanza. Au hutaki kazi?"

Neno hilo lilikuwa na lori ndani yake. Pantaleo alitazama matete. Akatazama daftari. Akashika panga, akainama, akakata la kwanza, na watu wakapiga vigelegele.

Walifanya kazi nzuri, sitaki kuwanyima haki yao. Waliimba. Walikata matete na mafunjo mpaka shina. Waling'oa mayungiyungi kwa reki wakayatupa juani. Wanawake walitoa matofali mferejini moja moja, wakayasugua ute kwa mchanga mpaka yakawa mekundu kama siku ya tanuri, wakayapanga mistari miwili kando ya njia na kuyapaka chokaa, kama kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Mfereji wenye kona wakaunyoosha ili maji yaende haraka. Mwisho wakamwaga oili bwawani kuua mbu, kama walivyofundishwa, na Bi Mwanamkuu akafagia ukingo wote kwa mkono wake, ufagio ukiacha mistari kama mifupa ya samaki.

Evarista aliteremka alasiri, vidole vimenyauka kwa maji. Watu wote walikuwa bado wapo. Walikuwa wanamngoja yeye.

Alisimama kwenye mstari wa chokaa. Bwawa lilikuwa wazi kabisa, linang'aa rangi saba za oili. Matete yalikuwa yamerundikwa kama maiti ya mgomba. Pantaleo alikuwa pembeni na panga mkononi.

"Umeona, mama," karani alisema. "Kazi ya watu wengi."

"Nimeona." Akawatazama, sura moja moja, majirani zake, jasho bado linawatoka. "Ahsanteni. Mungu awalipe."

Wakaondoka wameridhika. Bi Mwanamkuu alimshika bega, akamwambia sasa mtoto atatambaa popote.

Walipobaki wawili, Evarista alilichukua panga kutoka mkononi mwa mumewe, akalifuta kwa kanga.

"Aliniambia nianze mimi," Pantaleo alisema.

"Najua."

"Ningekataa..."

"Najua, Baba Tarsis. Kaoge, una oili mpaka masikioni."

Jumapili yote walihangaika. Walivuta oili kwa magunia na kanga mbovu, wakarudisha matofali yenye chokaa kwenye mfereji, wakachomeka mizizi iliyokwisha kukauka. Maji mapya ya mtaro yalikuwa yanaingia moja kwa moja, hayana darasa la kusimama. Jioni perege walipanda juu wote kumi, midomo nje, wanafungua na kufumba kama vitoto vinavyotafuta ziwa. Pantaleo aliwahamishia kwenye beseni la kufulia. Kulipokucha walikuwa wamelala ubavu.

Sasa sikilizeni Mungu alivyo mkubwa. Jumatatu Bwana Afya akafika na chupa yake. Pembeni kabisa, chini ya jiwe, palikuwa na yungiyungi moja lililosahauliwa na reki, na chini ya yungiyungi maji kiasi cha ndoo moja yalikuwa meupe kama kioo. Bwana Afya akachovya chupa hapo hapo. Kabla hajaiinua, kambale mkubwa kama paja la mtu akaruka kutoka kwenye matope, akajitia mwenyewe kwenye beseni, akatulia, akamtazama Bwana Afya usoni. Aristides akacheka mpaka akaishika baiskeli. Akasaini juu ya tandiko. Filbert akaandika "mkulima" kwa kalamu inayoandika. Matete yakaota, mchicha ukarudi sokoni, na Pantaleo akazeeka pale bondeni akiwa na kitambulisho shingoni.

*

Hapo ndipo habari ilipoishia, nilivyoiandika mara ya kwanza. Ijumaa iliyopita nikaipeleka barazani, nikakaa kwenye kiti changu, nikavaa miwani ya kusomea, nikaisoma yote kwa sauti. Miwani ile ina tabia moja: karatasi naiona, watu nawaona ukungu. Watu walicheka penye mbu, wakaguna penye panga, na kambale wakampigia makofi.

"Unajua kusimulia, Mzee Mrisho," sauti ya mwanamke ikasema.

Nikavua miwani. Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mchicha, yule anayepita na ungo wake kila siku, amevua kandambili anapumzisha miguu. Miaka yote ile ananisalimia, namwitikia, nanunua fungu moja. Nilimtambua tangu siku ya kwanza. Nikadhani yeye hakunitambua, kwa vile alikuwa ananisalimia.

"Mbu sisemi," alisema. "Walikuwa wakubwa kweli. Lakini mume wangu hakukaa ndani ya maji na mrija. Alikuwa na kifua, asingeweza dakika moja. Lori likipita alikuwa anajificha chooni."

Baraza likaangua kicheko. Mtu akasema kiti kimeondoka. Nami nikacheka, nikamwashiria muuza kahawa aanze kumimina.

"Na kambale hakuwepo."

"Kambale tulimshuku," akasema mmoja.

"Kahawa ngojeni kwanza," Evarista alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Huyu karani Filbert ni nani? Mimi pale ofisini nimesimama siku nyingi. Sikumwona Filbert."

Muuza kahawa akabaki na birika limeinama, kahawa haitoki.

"Kulikuwa na Mrisho," alisema.

Akawageukia wenzangu, akawahadithia kama mtu anayeelekeza njia.

"Bwana Afya alichota, chupa ikawa nyeusi. Akaona samaki kwenye beseni. Halafu akaona vishina vya matete, akapiga magoti, akavigusa. Akauliza, nani kakata haya? Watu walikuwa wamejaa. Bi Mwanamkuu, Mungu amrehemu, alikwisha kufungua mdomo. Angesema, yule hakuwa anajua kuficha. Karani akamtangulia. Akasema, wenyewe."

Akainama, akavuta kandambili moja karibu na mguu.

"Neno hilo tu. Bwana Afya akamtazama mume wangu, akamwuliza, ni kweli ulikata mwenyewe? Mume wangu akasema ndiyo. Maana alikata. Jumatano lori likaja, tukapelekwa kwenye mkonge. Kifua kile na vumbi lile, hakumaliza masika ya pili. Nilimzika huko nikarudi na Tarsis."

"Na bwawa?" muuza kahawa aliuliza.

"Nililikuta safi. Matete yaliota tena yenyewe kwenye vile vishina, hakuna aliyeyapanda, na hakuna aliyeyadai kitambulisho. Samaki wamo. Kuna mtu analima pale sasa. Huu mchicha nanunua kwake."

Mmoja wa wazee akamwuliza kwa nini hakusema siku zote.

"Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe. Leo nimesikia ameandika, nikadhani ndiyo anasema."

Nilikuwa na utetezi. Nimeutunza miaka mingi, na sehemu yake nimeichomeka humu ndani kwa jina la Filbert: kwamba nilikuwa kijana, kwamba orodha ilikuwa inanidai majina, kwamba wageni wakubwa wanatisha. Niliutafuta kichwani nikaukuta upo wote. Nikatazama vidole vya yule mama, nikauacha huko huko.

Nililipa kahawa. Baadhi walikunywa, na wengine waliacha vikombe vimejaa. Kisha nikainuka kwenye kiti, nikakifuta kwa leso, nikakisogeza mbele yake.

"Kaa, mama."

Evarista alikitazama. Akaona mikono yake ya mninga ilivyong'arishwa na viwiko vyangu. Hakukikalia. Alichukua ungo wake, akauweka juu ya kiti, akaupangia mafungu vizuri, akachovya vidole kwenye kopo na kuunyunyizia mchicha maji. Maji yakadondoka kwenye mninga. Akavaa kandambili, akasimama pembeni ya kiti, akaanza kuuza.

Sasa ndipo anapouzia, kila siku, pale pale barazani. Mimi nasimama. Fungu langu nalinunua kwa bei ya watu wote, na akinipa chenji ananipa kwa mikono miwili.